Mpimaji wa Zaka na Mdogo Wangu

Naomba lieleweke kabla sijaendelea: ushonaji mdogo wangu kajifunza kwangu. Kamati ya zaka ya msikiti ilipogawa vyerehani, tulipata wote wawili, siku moja, vya aina moja. Miaka miwili baadaye kwake kuna wasichana wawili wa kumsaidia na sare za shule zimejaa mpaka dirishani. Kwangu, viraka na zipu. Wivu ulinikaba, sioni haya kusema.

Ndipo akaja mpimaji, binti mpole anayeandika majibu kwenye simu. Kamati ilitaka kujua zaka imebadilisha nini katika maisha yetu, na kama mabadiliko hayo yatadumu. Mimi nilishanusa habari nyingine: kuna mashine moja ya kudarizi, itakwenda kwa mmoja wetu. Nikajua itakwenda kwa mwenye shida zaidi. Asubuhi ile magodoro niliyahamishia kwa jirani.

"Mnakula mara ngapi kwa siku, mama?"

"Mara moja, mwanangu. Tukijaliwa."

"Watoto wanakwenda shule?"

"Kwa zamu."

Akanitazama, akaandika. Kisha akauliza kama namfahamu mwingine aliyepewa cherehani.

"Mdogo wangu? Huyo mfuteni kwenye orodha! Anakula mara tatu, wanawe wote wanasoma, na wasichana wa watu wanapata riziki kwake. Huyo sasa ni wa kutoa zaka, si wa kupewa."

Nilipomsindikiza mlangoni nilikuwa najichekea. Nilijua nimemmaliza.

Ijumaa tukaitwa kwenye chumba cha madrasa. Mwenyekiti akasoma: mdogo wangu ametoka kwenye orodha ya wapokeaji, na hilo ndilo kamati ililokuwa ikilitafuta muda wote. Mashine ya kudarizi itawekwa kwake, afundishe wengine. Mwanafunzi wa kwanza ni mimi, miezi sita, kwa kuwa hali yangu imerudi nyuma. Halafu akasoma maneno yangu yote kuhusu mdogo wangu, neno kwa neno, kama ushahidi uliowashawishi.

Mdogo wangu akaja kunikumbatia mbele ya watu, machozi yanamtoka.

"Dada, nisamehe. Miaka yote hii nilidhani unanionea wivu."

Nilitamani ardhi ipasuke.