Mama alimsamehe daktari, kiwanda hakukisamehe: kisa cha kansa ya utumbo kutoka Old Moshi

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, hata wale ambao hamjaniamkia.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Naingia, nacheka, natoka zangu. Ila jana nimekutana na uzi wa kijana anayesema anatoka damu chooni mwezi wa pili sasa. Nusu ya majibu ni utani, nusu nyingine ni watu wanamuuzia dawa ya bawasiri inbox. Nilikasirika nikazima simu.

Leo nimeiwasha.

Haya ninayoyaandika sikuhadithiwa, yametokea nyumbani kwetu nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu. Kiwanda sikitaji, kilishakufa. Bosi simtaji, naye katangulia. Na wale ndugu zangu wa "bila picha hatuamini", kipindi hicho kamera ilikuwa ya mchungaji na Mhindi wa studio, kwa hiyo mtanisamehe.

Twende.

Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za foleni ya sukari na sabuni ya kukata vipande. Mama yangu, Mama Ndeshi (Ndeshi ndiye mimi), alikuwa fundi cherehani kwenye kiwanda cha umma cha kushona sare pale Moshi mjini. Kila asubuhi anateremka kwa miguu kutoka Old Moshi, jioni anapanda mlima na mzigo kichwani. Kazi alikuwa anaipenda jamani. Ukimwambia kola imekaa vizuri, utakula mtori wa nyama siku hiyo.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi Kibosho, nakuja nyumbani Jumamosi.

Mama akaanza kuumwa tumbo. Kwanza choo kigumu, halafu choo cha mara kwa mara, halafu damu.

Sasa kiwandani kulikuwa na zahanati yao wenyewe, na sheria yao ilikuwa hivi: mfanyakazi anatibiwa hapo hapo. Ukitaka kwenda hospitali kubwa, lazima daktari wa kiwanda aseme kuna haja na meneja akubali. Ukienda kivyako, siku hiyo unahesabiwa mtoro.

Na daktari mwenyewe ni nani? Aminieli. Mkwe wetu!

Huyu bwana alikuwa amemuoa binti wa dada mkubwa wa mama. Kwa wasiotujua: mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Kwa hiyo Dokta Aminieli akimwona mama yangu anainamisha macho, anapisha njia, mkono hatoi ovyo ovyo. Ni mama mkwe wake kabisa. Sisi tulifurahi mno. Tukasema mama kaangukia kwenye neema, anatibiwa na mtoto wa nyumbani.

Neema gani! Ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Mama anaingia zahanati, mkwe anasimama, anamwamkia kwa adabu zote, anauliza huku anaangalia dirishani, "Mama, tumbo bado?" Mama naye kwa aibu zake anajibu, "Bado kidogo, baba." Anapewa dawa za amiba. Zikiisha, za minyoo. Zikiisha, za amiba tena. Ilikwenda hivyo zaidi ya mwaka, wakuu. Zaidi ya mwaka! Mama anakonda, gauni la kanisani linamvaa badala ya yeye kulivaa.

Kazini akawa anaacha cherehani kila saa kukimbilia choo. Meneja akamuuliza dokta: huyu mama anaumwa au anatuchezea? Dokta akajibu kuwa ni amiba tu, kazi anaiweza.

Mama alipoomba ruhusa ya kwenda hospitali kubwa, meneja akasema daktari wetu hajaona haja. Akaomba tena, akaambiwa hivyo hivyo. Wiki moja akashindwa kabisa kuinuka kitandani. Kurudi kazini akakuta tangazo ukutani, amefukuzwa kwa utoro na uzembe.

Vijana wa leo hamjui uzito wa neno mzembe enzi zile. Redio mzembe, mkutano mzembe, balozi wa nyumba kumi akisimama ni wazembe. Lilikuwa tusi la mchana kweupe. Mama alipanda mlima siku ile kwa njia ya mgombani ili asionane na watu. Kufika nyumbani akalia kama mtoto. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia.

Nikasema sasa mama si mfanyakazi wao tena, hatuombi ruhusa ya mtu. Nikambeba nikampeleka hospitali ya rufaa.

Tulipokewa na daktari mwanamke, mpole lakini hana mchezo. Akamlaza mama, akavaa glovu, akampima kwa kidole kule kule kunakotoka damu. Dakika chache tu. Nikaona uso wake umebadilika.

"Hii imekaa muda mrefu. Nani alikuwa anakupima?"

Mama akasema, "Mwanangu, hakuna aliyenipima. Nilikuwa napewa dawa."

Ilikuwa kansa ya utumbo, kule chini mwishoni. Daktari alituambia wazi kwamba ingeonwa mapema pengine opresheni ingekuwa ndogo. Sasa ilibidi wakate sehemu kubwa na kumtengenezea njia ya choo ubavuni, tumboni, ya maisha yake yote. Na bado akasema hawezi kuahidi kitu.

Mama alipona. Acha niseme tena kwa sababu nikikumbuka mwili unasisimka: MAMA ALIPONA!

Mifuko ya kukinga choo ilikuwa haipatikani, basi mama, fundi wangu, akajishonea mwenyewe, kitambaa juu na plastiki ndani, na mkanda wake. Mama mmoja wa Kiismailia mwenye duka la vitambaa mjini alikuwa anampa mabaki bure.

Alipopata nguvu, akaniambia, "Ndeshi, nataka wanirudishe kazini, wabebe matibabu yangu, na wanilipe kwa kunikatalia hospitali mpaka nikawa hivi. Na lile neno lao walifute."

Tukaenda kwa afisa kazi, tukafungua madai. Tukapewa siku ya kusikilizwa kwenye baraza la usuluhishi.

Hapa ndipo ukoo ulipoingia, wakuu. Shikeni viti.

Jumapili kabla ya baraza, tumetoka kanisani, tunamkuta baba mkubwa, kaka yake baba, kihambani kwetu, yaani nyumbani kwenye migomba yetu, na wazee wawili wa upande wa Aminieli. Wana mbege, pombe yetu ya ndizi. Na mkononi baba mkubwa kashika jani la sale.

Wachagga wenzangu mmeshaelewa. Wengine niwaeleze: masale ni yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani. Mtu aliyekukosea akikuletea sale anaomba msamaha, na halikataliwi. Hata kama kakuulia ndugu. Ukilikataa, wewe ndiye unakuwa mbaya, na balaa linakuhamia wewe na watoto wako. Hata sisi Walutheri wa kuimba kwaya tulikuwa hatuchezi na hilo jani.

Baba mkubwa akasema mkwe anaomba msamaha, mama apokee, mambo yaishe, Jumanne asiende mjini kuaibisha familia. Baba yangu akainama tu. Shangazi wakaanza: pokea wifi, pokea. Mimi damu inachemka, nikafungua mdomo, nikatazamwa jicho moja nikaufunga.

Nilijua tumekwisha. Akikataa, ukoo mzima unamgeuka. Akipokea, madai yamekufa.

Mama akajishika ubavu, akauliza, "Mwenye kosa yuko wapi?"

Baba mkubwa akasema, "Ametutuma sisi."

"Sale halitumwi kama kifurushi. Aje alilete mwenyewe, aseme amenikosea nini. Nitapokea kitu gani nisichokijua?"

Wazee wakaanza kubishana. Kwenye kochi alikuwepo bibi, mama yake baba, ambaye kwa kawaida tulidhani amesinzia. Akafoka kwa Kichagga mpaka pakawa hapatoshi: tangu lini mtu akaomba msamaha kwa mdomo wa mwenzake? Basi. Ikabidi wamfuate Aminieli.

Akaja jioni. Balozi wetu wa nyumba kumi naye alikuwepo, maana panapofunguliwa mbege balozi hakosi.

Aminieli akasimama na jani lake. Akaanza kuzunguka: kama kuna mahali nilipitiwa, kama kuna jambo halikwenda sawa...

Mama akamkata. "Sema, baba. Mimi nimelala uchi mbele ya madaktari sita, sina aibu iliyobaki. Sema."

Yule bwana akasema, na machozi yanamtoka:

"Sikukupima, mama. Nilijua damu ile inatakiwa kupimwa kwa kidole. Kila ulipokuja nilitaka, nikaona haya. Wewe ni mama mkwe wangu. Na kukupeleka kwa mwingine niliogopa wataniuliza kwa nini sikupima mwenyewe. Meneja aliponiuliza nikasema ni amiba. Nimekukosea."

Sitawaficha, na mimi nilimwonea huruma, na nilikuwa nimekuja na hasira ya kumtia makofi.

Mama akanyoosha mkono, akapokea sale. "Nimekusamehe, mwanangu. Kutoka moyoni." Akanywa mbege ya kwanza, akampa na yeye akanywa.

Watu wakapiga makofi. Baba mkubwa akajifuta jasho, akasema, "Aika, asanteni! Basi Jumanne tunapumzika."

Mama akamwangalia. "Wewe pumzika, shemeji. Mimi Jumanne nina safari ya mjini."

Jamani!

Jumanne tukaingia barazani. Meneja, ambaye alikuwa mgeni wa mkoa wetu, kaja na suti ya Kaunda na tabasamu la ushindi. Habari za Jumapili zilikuwa zimeshamfikia. Akasimama akasema kwa kujiamini kwamba mlalamikaji na daktari wamekwisha kusuluhishwa kimila, msamaha umetolewa mbele ya mashahidi, hakuna kesi tena.

Mwenyekiti wa baraza akavua miwani. "Katika majibu yenu mlisema mama huyu alihudumiwa ipasavyo na hakuna kosa lililofanyika. Sasa amesamehe nini?"

Meneja akaanza kupekua karatasi zake. Tabasamu sijui lilikimbilia wapi.

Mama akaomba kusema. Akasimama taratibu, kashika mkanda wake.

"Mheshimiwa, ni kweli nimemsamehe mkwe wangu. Yeye alinionea haya. Lakini aliyenikatalia hospitali mara mbili si mkwe wangu. Aliyenibandika ukutani kuwa mzembe si mkwe wangu. Huyo sijamwona kihambani kwangu na jani."

Baraza zima likacheka, mpaka karani. Meneja akageuka nyuma kumtafuta daktari wake, aliyemleta kama shahidi, amwokoe. Aminieli akasimama, na bosi wake anamkazia macho, akasema: "Nililosema Jumapili nalisema na hapa. Mama huyu alikuwa anaumwa, na sikumpima." Alijua kazi yake iko rehani. Ila mtu akishasema kitu na sale mkononi, kwetu harudi nyuma. Balozi, tuliyekuja naye, akathibitisha kila neno.

Tulishinda, wakuu. Tulishinda yote! Kufukuzwa kulibatilishwa, mishahara yote ya nyuma alilipwa, matibabu na safari za hospitali zikawa juu ya kiwanda, na fidia ya kucheleweshewa matibabu akapewa. Ile fidia ndiyo nyumba ya tofali iliyopo kihambani mpaka leo.

Siku anarudi kazini nilichukua ruhusa shuleni makusudi. Sikuwa tayari kusimuliwa. Wafanyakazi wamekusanywa getini, na meneja, kwa amri ya baraza, anatakiwa asome kwamba Mama Ndeshi hakuwa mtoro wala mzembe, alikuwa mgonjwa na kiwanda kilimkosea. Akaanza kusoma kwa sauti ya kunong'ona.

Mama akamwambia, kwa adabu kabisa, "Bosi, ongeza sauti kidogo. Wenzangu wa nyuma hawasikii."

Akasoma upya. Vigelegele vya mafundi cherehani siku ile, nadhani vilisikika Kibosho.

Mama alishona miaka mingine mingi na mfuko wake ubavuni. Amefariki juzi juzi tu akiwa bibi kizee wa vitukuu, kwa uzee, si kwa kansa. Aminieli naye hawakumfukuza. Nasikia baada ya hapo ukimtajia damu chooni hata uwe askofu alikuwa anavaa glovu, na akiona haya anakupeleka kwa mwenzake siku hiyo hiyo.

Nilichojifunza ni hiki. Kumsamehe mtu hakukuzuii kudai haki yako. Na daktari akiwa ndugu yako, shemeji yako, mwanafunzi wako, mwombe akupeleke kwa mtu asiyekujua. Heshima isikuue.

Waliowahi kudai hospitali au mwajiri kwa kucheleweshewa matibabu, karibuni mseme mlivyofanya, wenzetu wanahitaji. Mwenye swali aulize, mwenye matusi nami ninayo, nimefundisha darasa la tatu miaka mingi.

Na wewe kijana wa uzi wa jana. Najua unasoma hapa. Hiyo damu si ya kuchekwa wala si ya kununuliwa dawa inbox. Kesho asubuhi nenda, panda kitandani, na mtu akupime. Ukitoka huko, hata kabla hujala, njoo uniandikie hapa chini. Nakusubiri.