Somo Langu la Mapigo ya Moyo

Wacha niseme tu, maana hata nisiposema watu wanajua: mimi ndiye yule msichana aliyemfanya mama yake ashikwe mkono na mkwe wake mbele ya kanisa zima, na si mara moja, ni mara mbili. Kama uliisikia hii habari sokoni Machakos ukacheka, sawa, cheka, lakini usikie na upande wangu, kwa sababu waliohadithia wametia chumvi (hakuna mtu aliyezimia, yule mama wa kwaya aliteleza tu).

Ilianza na maneno. Mwaka huo watu wa kwetu walikuwa wakienda kliniki wanarudi na maneno mapya, kalori, kolesteroli, sijui nini, na wanayabeba kama vyeo. Mzee Kilonzo, kaka mkubwa wa baba yangu, aliambiwa ana kolesteroli, na tangu siku hiyo akawa hapiti mlango wa mtu bila kuitaja. Pasta akaona afadhali mtoto wa sekondari asimame baada ya ibada, dakika kumi tu, aelezee watu haya maneno yana maana gani. Mimi nilikuwa Form Two, na karani wa chama cha afya shuleni (nilichaguliwa karani kwa sababu karani haongei), basi Baba akanitoa bila kuniuliza. Mimi, ambaye nikiitwa jina na mwalimu mgeni natoka jasho!

Sasa, kabla sijafika mbali, kuna jambo lazima ulijue. Dada yangu Mwikali alikuwa aolewe na Mutisya, kijana anayeshona nguo kiwandani kule EPZ Athi River. Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ya ntheo, siku ambayo upande wa bwana unaleta mbuzi watatu, na hapo ndipo kila mtu anajua rasmi kwamba msichana ana mwenyewe. Kabla ya mbuzi, kimya. Na kwetu Wakamba kuna kitu kinaitwa nthoni, yaani heshima iliyochanganyika na haya, na nthoni kubwa kuliko zote iko kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hawasalimiani kwa mkono. Hawakai karibu. Akimwona njiani, anaingia kichakani kama ameona nyuki. Mutisya alikuja kanisani Jumapili hiyo kama mgeni tu, akakaa benchi la mwisho kabisa, na Mama akakaa mbele, na katikati yao kulikuwa na kanisa lote. Mpango mzuri sana. Niliuvunja mimi.

Nilisimama nikiwa nimejifunika uso na karatasi. "Kalori," nikaiambia karatasi, "ni kipimo cha nguvu ambayo mwili unapata kwa chakula. Ukila nyingi kuliko unazotumia, zile zinazobaki mwili unaziweka kama mafuta."

Mzee Kilonzo akainua mkono. "Ndinda, hizo kalori ziko kwa muthokoi?"

"Ziko."

"Nyingi?"

"Nyingi."

"Bwana asifiwe!" akasema, akaketi, na watu wakapiga makofi, na hapo nikajua somo limeshanishinda, kwa sababu muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa na hakuna mtu kwetu anayehitaji kuhimizwa aule.

Nikaenda kwa kolesteroli. Nikasema ni aina ya mafuta yaliyo ndani ya damu, mwili unaihitaji kidogo, lakini ikizidi inaganda kwenye kuta za mishipa na damu inapita kwa shida. Mama mmoja akasema, "Hiyo si yetu, nyama yenyewe tunaonana Krismasi." Mzee Kilonzo akamgeukia, "Mimi niko nayo," kwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe wa gredi. Nikaenda kwa mazoezi, nikasema mwili unataka nusu saa hivi ya kutoka jasho karibu kila siku, na mama mwingine akauliza, "Mwanangu, kushuka mtoni na kupanda na mtungi mgongoni, hiyo mnaiita nini huko sekondari?"

"Mazoezi."

"Na mbona hatujawahi kupewa kombe?"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Watu zaidi ya mia moja wananiangalia, na neno lililobaki ni moja, mapigo ya moyo. Hapo ndipo nilifanya uamuzi wangu mdogo. Nikajiambia, Ndinda, badala ya kuelezea, wape kazi, wapimane wenyewe, macho yatatoka kwako.

"Mapigo ya moyo ya mtu aliyepumzika," nikasoma haraka, "ni kutoka sitini mpaka mia moja kwa dakika. Kwa hivyo wanaume simameni huku, akina mama kule, muangaliane. Kila mwanamume ashike mkono wa mama aliye mbele yake, hapa chini ya kidole gumba, ahesabu sekunde kumi na tano, halafu mimi nitazidisha mara nne."

Mstari wa wanaume ulikuwa mfupi, basi shemasi mmoja mwenye bidii (wenye bidii ndio wanatumaliza) akaenda nyuma akamvuta mgeni. "Njoo, kijana, hapa kuna nafasi." Mimi sikuona, niko na karatasi. Nilikuwa nanyoosha kidole tu, wewe na wewe, wewe na wewe, na kidole changu, Mungu akisamehe, kikamweka Mutisya mbele ya Mama.

Sasa hebu fikiria shida yao. Mutisya akikataa, watu watauliza kwa nini, na sababu bado ni siri ya nyumba mbili. Mama akikataa, ni hivyo hivyo. Na Pasta ameshaangalia saa yake, anasema, "Shikaneni, wapendwa, muda umekwisha, moja, mbili, anzeni." Wakashikana. Wanasema Mutisya alikuwa anaangalia dari na Mama anaangalia viatu vya watu.

Wakaanza kuniitia hesabu. Kumi na nane, nikasema sabini na mbili, vizuri. Ishirini, themanini, vizuri. Halafu sauti ndogo kama ya mtu aliye kisimani ikasema, "Thelathini na mbili."

Nikazidisha. Mia moja ishirini na nane! Na badala ya kunyamaza, maana tayari nilikuwa nimeanza kuonja utamu wa udaktari, nikasema bila kuinua macho, "Hiyo si kawaida. Huyo bwana na huyo mama, rudieni. Na safari hii shika mkono vizuri, usiogope."

Usiogope! Ni mimi niliyesema hivyo.

Sekunde kumi na tano, niliziona ndefu hata mimi. "Thelathini na nane," sauti ikasema.

"Mia moja hamsini na mbili," nikatangaza. "Mapigo kama haya ni ya mtu anayekimbizwa."

Susu wangu, yaani mama wa baba yangu, ambaye haoni vizuri lakini husikia mpaka vitu ambavyo havijasemwa, akasimama na mkongojo. "Aiya! Atakosaje kukimbizwa, na anashikwa na mkwe wake?"

Ndipo nikainua macho.

Sitaandika nyuso zao. Mutisya alitoka kwa mlango wa pembeni, ule wa kwaya, ndipo yule mama, akimpisha, akateleza. Mama alijifunika leso mpaka machoni. Mwikali aliniangalia mara moja tu, na kwa lile jicho nikajua nimemvunjia ndoa.

Jioni wazee waliketi kwetu, na Mzee Kilonzo akaniita kama shahidi.

"Alimshika wapi?"

"Mkononi. Chini ya kidole gumba."

"Kwa muda gani?"

"Sekunde kumi na tano."

"Mara ngapi?"

Nikaangalia chini. "Mbili."

"Ya pili nani alisema?"

"Ni mimi. Mapigo yalikuwa juu."

Mzee mmoja akageuka akakohoa ndani ya kofia, na hadi leo naamini hicho hakikuwa kikohozi. Lakini Mzee Kilonzo hakucheka. Alisema nthoni ikivunjwa inasafishwa, mbuzi mmoja kwa kila mshiko, na kabla ya hapo hakuna ntheo, na kama upande wa Mutisya utaona tunawaonea, basi wachukue mbuzi wao waende kuposa kwingine. Mwikali aliyasikia hayo akiwa jikoni. Hakunisemesha Jumatatu. Hakunisemesha Jumanne. Jumatano akaniambia, "Nipitishie chumvi," nikashukuru kama nimepewa zawadi.

Jumamosi niliamka mapema nikasimama nyuma ya choo, mahali ambapo mtu anaona barabara bila kuonekana. Wakatokea kwa kona saa nne. Nikahesabu mbuzi. Watano. Nikahesabu tena kwa sababu siku hizi sijiamini kwa hesabu, na walikuwa watano kweli, na nyuma yao Mutisya, ambaye alipoona leso ya Mama uani aliingia kwenye mahindi ya jirani akazunguka.

Mwikali ameolewa. Mbuzi wawili wa ziada anawataja sasa kwa marafiki zake kama ishara ya jinsi alivyothaminiwa, na mimi sisemi kitu. Usiku ule ule wa ntheo Mama aliniita jikoni, akafunga mlango, akaninyooshea mkono. "Ndinda, ile mia na kitu, ni ugonjwa?" Nikahesabu. Kumi na nane, sabini na mbili. Nikamwambia yeye ni mzima kabisa, ni mimi niliyesoma maana ya neno nisiielewe: mapigo ya mtu aliyepumzika hupimwa mtu akiwa amepumzika, na hakuna Mkamba aliyewahi kupumzika akiwa ameshikwa na mkwe wake.

Pasta ameniomba nirudi niwaeleze habari ya presha, ambayo hupimwa kwa kufungana kitambaa mkononi. Nimemwandikia barua. Nimemwambia nitasoma karatasi yote, nitatazama watu machoni hata nikifa, na hakuna mtu atakayemgusa mtu.