Ndala Juu ya Kifusi

Niliondoka Ushirombo kwa sababu sungura na kanga wa porini walikuwa wakinimalizia karanga shambani, na kwa sababu klabu ya kulenga shabaha ilikuwa imenikubali. Kibali kiliniruhusu bunduki moja tu, hivyo ilinibidi nipate ndogo, ya risasi nyembamba za kipimo cha ishirini na mbili, itakayofaa shambani na klabuni. Niseme ukweli, niliogopa tangu nyumbani. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilimfyatulia kwale gobore la baba, chembe moja ya risasi ikalitoa jicho la kaka yangu Masanja. Yeye alishanisamehe. Mimi bado.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Geita. Kila kizuizi cha polisi nilipapasa karatasi zangu, ingawa zilikuwa halali. Mama niliyekaa naye aliniuliza nafuata nini huko. Nikamwambia naenda kumwona mgonjwa, naye akaniombea kwa sauti.

Saa sita nilifika kwa Baba Ngolo, askari wa wanyamapori mstaafu, anayeishi upande wa Nkome. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, kisha akalaza bunduki zake mbili mkekani nichague atakayoniuzia. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ina darubini, inabeba risasi kumi na kujipakia yenyewe. Ya pili ilikuwa nzito, mtutu mnene, inapakiwa risasi moja moja kwa mkono, na unalenga kwa macho tu. Alisema nyepesi haichoshi porini, na nzito hutulia kwenye shabaha. Akanionya kwamba risasi hiyo, licha ya udogo wake, ikikosa husafiri zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo nyuma ya shabaha lazima pawe na udongo. Mimi moyo ulikuwa umeshaangukia yenye darubini.

Alasiri tulikwenda kuijaribu. Nyuma ya mihogo yake kulikuwa na kifusi kirefu cha duara, kimezunguka shimo la wachimba dhahabu, ambalo alisema lilikufa tangu masika. Nilipanda kuweka kopo juu ya kifusi, mbele ya ukingo wa pili uliokuwa mrefu zaidi. Palikuwa na ndala mbili, zimepangwa sambamba. Nikadhani zimetupwa. Nikarudi hatua hamsini, nikalala kifudifudi.

Ndani ya darubini sikuona kitu kingine ila kopo. Niliondoa kizuizi cha bunduki, nikaweka kidole kwenye kifyatulio. Kopo likatikisika, likaanguka, nami sijafyatua. Mahali pake ikachomoza taa ya kichwani, kisha uso wa mtu, mweupe kwa vumbi.

Kidole kilikakamaa. Nilikitoa taratibu kwa mkono wa pili.

Yule mchimbaji alipanda juu, akavaa ndala zake bila haraka, akatuona. "Shikamooni, wazee," alisema. Baba Ngolo alimuuliza tangu lini watu wamerudi humo, akajibu tangu juzi, tena akashangaa kwamba tunauliza.

"Si nimeacha ndala? Huku kwetu ukiziona zimepangwa ujue mtu yumo chini, hata jiwe hutupi."

"Niliziona," nikasema. Baba Ngolo aliketi chini palepale.

Kesho yake, kwenye kituo cha polisi, tuliandikisha ile nzito kwa jina langu. Sikuichagua kwa sababu ya kutulia. Niliitaka kwa kuwa kila risasi ningeipakia kwa mkono wangu, na macho yangu yangebaki huru kuona kilicho kando ya shabaha.

Siku ya tatu nilirudi Ushirombo. Masanja alinipokea, nami nikamsimulia yote, hata zile ndala. Kisha akasema, "Ukiwa na hiyo bunduki, mimi nitatangulia kuzunguka nyuma ya shabaha. Jicho moja linatosha kuona ndala."

Asubuhi iliyofuata tulimkuta sungura amekaa chini ya kichuguu, pembeni mwa karanga, hata hakututazama. Nilingoja bila kupakia. Masanja akaondoka kuzunguka kichuguu, majani yakachakarika, na sungura akatimka. Baada ya kitambo kaka akatokea upande wa pili, akanipungia kwamba hakuna mtu. Nikampungia na mimi, risasi ikiwa bado mfukoni mwangu.