Viza Iliyotoka Baada ya Mkutano

Mwaka huo kamati ya kimataifa ya wanasayansi wa maji iliniita kwenye mkutano Ulaya nikaeleze tulichogundua mimi na watafiti wenzangu kwenye paipu za maji za mtaa wa Laini Saba. Nilikuwa naishi mtaa wa Kabiro na dada yangu mkubwa, na maandalizi ya safari yalinichosha kuliko utafiti wenyewe. Ubalozi nilikoomba viza ulitaka nambari ya nyumba yetu, na ploti yetu ya vyumba vya kupanga haina nambari. Nikawaeleza, wakauliza tena. Tikiti ilibadilishwa, ikabadilishwa tena. Mkutano ulipoanza, pasipoti yangu ilikuwa bado kwao, na koti zito nililonunua Soko la Toi lilikuwa limening'inia mlangoni.

Waandaaji wakaniomba nizungumze kwa video. Nilikaa kitandani na simu, dada akaenda kuwasihi majirani wapunguze redio. Nilieleza jinsi uchafu unavyoingia kwenye maji pale paipu inapopita mtaroni. Mwenyekiti akaniomba nirudie, kisha wakaniuliza maswali mpaka muda ukaisha.

Wiki iliyofuata ubalozi ulinipigia simu kunijulisha kwamba viza imetoka.

“Utaenda kuichukua?” dada akaniuliza.

“Kesho,” nikamjibu. “Leo wacha nilale.”