Kamba Isiyoazimwa

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Suneka, nimesimama mbele ya mwanamke anayeuza ndizi, na kabla sijarudisha simu mfukoni mwanamke yule alikuwa ameshauliza swali ambalo kila mtu angeuliza siku hiyo: "Alianguka?" Hapana, hakuanguka. Alikufa kitandani mwake, chini ya mwamba wa Manga, kwa maradhi ya kifua yaliyokuwa yakimsumbua tangu mvua zilipoanza. Mkewe alikuwa ameketi kando yake, na redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo vya watu wengine. Nilipomweleza hivyo, muuza ndizi alinitazama kama mtu aliyepunjwa. Watu walikuwa wamekwisha kumwandalia kifo chake, mzee huyu aliyezoea kushuka mwambani kwa kamba nyembamba kuliko kidole. Yeye akaenda akachagua kingine.

Msomaji, sikuwa rafiki yake wa karibu. Nilimfahamu kwa namna sisi waandishi wa habari tunavyowafahamu watu: nilimfuata nikitaka habari, nikaipata, nikaendelea kurudi. Alikuwa ameishi miaka mingi Nairobi akiosha madirisha ya maghorofa, akining'inia nje ya ofisi ambazo hakuwahi kuingia kwa mlango. Alipostaafu alirudi nyumbani na hamu moja tu. Alizaliwa chini ya mwamba ule, na asubuhi za utoto wake ukungu uliufunika hadi kiunoni, akawa anaamini kwamba nusu ya juu imening'inizwa kutoka mbinguni. Alitaka kuifikia sehemu ya katikati. Ukisimama juu, aliniambia, unaona mashamba ya chai, migomba na mabati yanayong'aa. Ukisimama chini, unaona majani ya ukingoni na anga. Katikati hapaonekani na mtu yeyote. "Pako tu," alisema, "kama sebule ambayo watu wanapita nje yake kila siku."

Nilikuwa naye siku alipokwenda mjini Kisii kutafuta kamba. Mwenye duka alikuwa Mwislamu wa ukoo uliofanya biashara pale tangu enzi za babu zake, mtu mcheshi aliyemjua kila mteja kwa ugonjwa wake. Alitutolea nailoni ya manjano, nene kama mkono wa mtoto. "Hii inavuta lori, mzee wangu."

"Lori likidondoka halina mke," mzee akamjibu. Akaikanyaga ncha moja, akavuta nyingine, nasi tukaiona ikirefuka. Akaeleza kwa upole, kama anayezungumzia tabia za jirani, kwamba kamba inayovutika ni ya mtu anayepanda, kwa sababu huyo anaweza kuteleza na ni vizuri adakwe taratibu. Anayeshuka anataka isiyovutika. Akishuka kwa inayovutika atadundadunda kama mbuzi aliyefungwa, na kila akidunda kamba inajisaga kwenye ukingo wa jiwe.

Mwenye duka akapiga simu kwa watu wake wa Nairobi. Zilikuwepo mbili zisizovutika, ya milimita kumi na moja na ya milimita tisa. Ile nene ndiyo aliyoizoea mzee kazini, lakini bei yake ilikuwa ya kampuni, si ya mstaafu, na uzito wake ungemshinda kuubeba hadi kileleni. Nyembamba aliiweza, kwa mfuko na kwa mgongo. Tatizo lake ni kwamba hupita haraka kwenye chuma cha breki kinachofungwa kiunoni, mkono unapata kazi kubwa kuizuia, na ukingo wa jiwe huila upesi. Mzee alifumba macho kidogo, akakunja vidole vya mkono wa kulia kama anayepima kitu kisichokuwepo.

"Nyembamba," akasema.

"Na mkono ukichoka?"

"Kuna mtu wa kunishika kutoka chini."

"Nani huyo?"

"Mke wangu."

Mwenye duka akaweka simu mezani. "Mzee wangu, mara ya mwisho kumkosea ilikuwa lini?"

"Leo asubuhi."

"Basi chukua nene."

Tulicheka sote, lakini iliyoagizwa ilikuwa nyembamba. Ilipofika aliipitisha yote vidoleni, akiikunja hapa na pale, akitafuta mahali palipolegea au kuvimba. Baadaye nilielewa lile la kushikwa kutoka chini. Mtu anayesimama chini huishika ncha ya kamba bila kuikaza. Aliye juu akiteleza, au mkono ukiiachilia kamba, wa chini anavuta kwa nguvu, kamba inabana kwenye chuma cha breki, na anayeshuka anasimama hapo hapo alipo. Hivyo kila alipotaka kwenda mwambani, mkewe alikwenda naye.

Walikwenda Jumapili, kwa kuwa walikuwa Wasabato na Jumamosi ni ya kanisa. Siku moja nilipanda hadi juu na mzee na vijana wawili wa kijiji aliokuwa akiwafundisha kazi ya kamba. Alizungusha kamba kwenye miti miwili, akatandika gunia ukingoni ili jiwe lisiiguse, akavaa glavu. Chini kabisa, kwenye mwanya wa ukungu, kitambaa chekundu cha mkewe kilikuwa kidogo kama harage. Akaita, "Mama!" Ukapita muda, kisha sauti ikapanda, nyembamba na tulivu: "Niko!" Akarudi kinyumenyume hewani na ukungu ukampokea. Nilibaki nikitazama kamba ikitetemeka kidogo juu ya gunia, na kwa muda huo nilihisi kwamba kijiji chote, chai, ng'ombe na moshi wa jikoni, kilikuwa kimefungwa kwenye ncha yake ya chini. Nilipomuuliza baadaye alichokiona huko katikati, alisema kuna mmea mdogo kwenye ufa, na ndege mmoja ambaye hajui bado kwamba watu wapo.

Lakini mtaani hakujulikana kwa hayo. Alijulikana kwa uchoyo. Kwetu kamba ni ya kila mtu: leo inafunga ng'ombe kwako, kesho inabeba kuni kwa jirani, keshokutwa inashusha jeneza nyumba ya tatu, na hakuna anayeuliza ni ya nani. Yake haikuazimwa. Siku moja ng'ombe wa maziwa wa jirani alitumbukia kwenye shimo la choo cha zamani, naye jirani akaja mbio.

"Omogaka, mzee wangu, nipe ile kamba!"

"Yaya, hapana. Hiyo haitoki."

"Ng'ombe yangu iko kwa shimo na wewe unaniambia haitoki? Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Kamba haitoki. Mimi natoka."

Akatoka na kamba za katani alizookota zizini, akaingia shimoni mwenyewe, akamfunga ng'ombe tumboni, akavuta na wenzake hadi jioni. Ng'ombe alipona. Mzee alirudi nyumbani akiwa wa rangi ya shimo, na bado jirani aliwaambia watu sokoni kwamba yule ni mchoyo. Mzee aliniambia sababu yake bila hasira. Kamba ya namna ile ina ganda nje na moyo ndani. Ikivuta ng'ombe, moyo unaweza kuumia huku ganda likibaki zuri, nawe Jumapili unajifunga ukidhani ni ile ile. "Haitaniambia," alisema. "Itamwambia mama, nikishafika chini."

Siku ya mazishi kaburi lilikuwa tayari kando ya migomba, na kamba za kushushia jeneza hazikuwa zimefika. Jirani wa ng'ombe ndiye aliyesema kile ambacho wengi walikuwa wakikifikiria: "Mbona tunahangaika? Yake mwenyewe iko ndani."

Mjane akainuka kwenye kiti. "Yaya," akasema. "Mimi alininyima hata ya kuanika nguo. Naye hapewi."

Watu walicheka, kwenye mazishi, wanawake wakijifunika midomo kwa leso. Jirani akaenda zizini kwake, akarudi na kamba za ng'ombe wake. Vijana wakaanza kushusha, upande mmoja ukatangulia, jeneza likainama, na mjane akasema kwa sauti iliyowanyamazisha wote: "Polepole. Leo chini hakuna mtu."

Jioni, wageni walipopungua, mjane aliniita nyuma ya nyumba alikokuwa akisuuza vikombe. Kamba ilikuwa kwenye mfuko wake wa kitambaa, kavu, mbali na jua na mafuta. Alikuwa ameipapasa yote, shubiri kwa shubiri, kama alivyomwona mumewe akifanya. "Miaka yote nimekuwa chini," alisema. "Sijapaona katikati. Nataka kwenda, vijana wake aliowafundisha wanifunge. Ila sina wa kunishika." Kabla sijajibu, jirani aliyekuwa akikunja viti akasema, bila kuinua kichwa, "Nitashika mimi. Ng'ombe nilivuta."

"Mimi si ng'ombe," mjane akamjibu. "Utafundishwa kwanza."

Siku hizi vijana wengi wanapanda Manga kupiga picha, na baadhi yao huniuliza wanunue kamba gani iliyo nyepesi na ya bei nafuu. Nawaambia niliyoyasikia dukani Kisii: isiyovutika, isiyo na mahali palipolegea, iliyopimwa kwa chuma cha breki kinachoifaa, na isiyowahi kufanya kazi nyingine yoyote. Kisha nawaambia lile ambalo mzee alilitafakari akiwa amefumba macho. Nyembamba inafaa, lakini kabla ya kuilipia, ujue kwa jina ni nani atakuwa amesimama chini, na mmekoseana kiasi gani asubuhi hiyo.