Marahaba ya Binti Yangu

Walimchapa binti yangu kwa neno moja: marahaba. Mtoto wa miaka minane, mwenye usonji, kasimama mlangoni asubuhi mbele ya mwalimu wake na badala ya shikamoo kasema marahaba. Eti kajifanya mkubwa. Eti hana adabu. Viboko vitatu, na barua juu yake: nimtafutie shule nyingine.

Baba yake yuko Ipole kwenye mizinga ya nyuki, kwa hiyo nilitoka Gongoni na binti yangu tu, hasira zimenijaa. Nilimkuta mwalimu darasani na wanafunzi wake, nikamrudishia barua yake.

"Mama, huyu anajua sana," akaniambia. "Marahaba aikumbuke, shikamoo aisahau? Ujanja huo."

"Kwani ulimwambiaje?"

"Vizuri tu. Ukiingia sema shikamoo, nami nitakuitikia marahaba."

Jamani! Nilishamweleza tangu siku ya kwanza. Kichwani mwa binti yangu maneno hayakai mengi, linabaki la mwisho. Mwambie afunge mlango, anawe, aje ale: atakuja kula, mikono michafu, mlango wazi. Kwa bibi yake hana shida. Bibi humsalimu Kinyamwezi, mwangaluka, naye hurudisha mwangaluka hiyohiyo, wakacheka wote wawili. Sasa kalishika neno la mwisho la mwalimu, kalirudisha kama alivyopewa, kachapwa! Iliniuma zaidi kwa kuwa nyumbani mimi mwenyewe nimeshamfokea kwa kosa hilohilo.

"Mwambie neno moja tu," nikasema. "Shikamoo, basi. Atalirudia."

Mwalimu akanikodolea macho. "Mimi nimwamkie mtoto? Mbele ya wenzake?"

Loo! Kumbe kumchapa si aibu, aibu ni kumtamkia neno! Nikapiga magoti palepale, kanga kwenye vumbi la chaki, nikamwambia binti yangu, "Shikamoo." Darasa zima likaangua kicheko. Wacheke.

Yeye hakucheka. Aliitazama midomo yangu, akamgeukia mwalimu, akasema, "Shikamoo."

Safi kabisa. Mwalimu akabaki ameshika barua yake, haitikii. Binti yangu alimsubiri, vidole vikichezea kifungo cha sare. Alisubiri sana. Mwishowe akajiitikia mwenyewe, kwa sauti ileile ya mwalimu: "Marahaba."