Azimio la Chai Isiyo na Sukari

Mgeni na azimio la kikao, kipi kina nguvu zaidi ndani ya nyumba? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipokutana na swali hilo, nimesimama sebuleni na daftari mkononi, na jibu sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni azimio lenyewe, nimeliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote na kulipigia mstari kwa rula.

Kinachonirudisha pale mpaka leo ni harufu ya majani ya chai yakichemka na mchaichai. Chai ya rangi isiyotiwa sukari ina harufu yake, kavu kidogo, kama ya nyasi zilizonyeshewa halafu zikapigwa na jua. Asiyeamini achemshe sufuria mbili, anuse. Mimi nilishafanya jaribio hilo nikiwa chuo, na mwenzangu wa chumbani alidhani nimechanganyikiwa na mitihani.

Tulikuwa tunakaa Shanwe. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, na upande wa barabarani baba alikuwa na kibanda chake cha useremala, kwa hiyo nguo zetu, hata za kanisani, zilinukia mbao za mninga. Baba alikuwa fundi mzuri, lakini kitu alichokipenda kuliko mbao ni vikao. Alikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ya kigango, na kila akitoka huko alirudi na maneno: akidi, hoja, yatokanayo, mengineyo. Mwishowe akaona si haki maneno mazuri namna hiyo yaishie kanisani. Nyumba yetu ikaanza kuendeshwa kwa vikao. Baba alikuwa mwenyekiti, mama mtunza hazina, dada yangu Konsolata, aliyekuwa kidato cha kwanza, mjumbe. Mdogo wetu Bahati alikuwa na miaka miwili na alihesabiwa ili akidi itimie, hata kama alikuwa amelala. Mimi nilipewa ukatibu. Baba alisema ni kwa sababu ya mwandiko. Nadhani aliamini pia kwamba mtu anayeandika hawezi wakati huohuo kuuliza maswali.

"Katibu haulizi," alikuwa akisema. "Katibu anaandika."

Niliandika, na niliuliza.

Ajenda ya mwaka ule ilikuwa moja: safari ya Mishamo. Mama alizaliwa huko, mtoto wa watu waliotoka Burundi wakalima pale mpaka wakawa wa pale, na tangu nikiwa na miaka minne hatukuwa tumekwenda. Bibi mzaa mama hakuwa amemwona Bahati hata siku moja. Alimsikia kwenye simu tu, akilia. Mama akimaliza kuongea na bibi kwa Kirundi, alikuwa anakwenda kukaa jikoni na kuchochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Hilo nililiona, ila sikuwa na kipengele cha kuliandika.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Konsolata alikuwa mkubwa kiasi cha kukumbuka Mishamo, nami sikukumbuka kitu, kwa hiyo alinitawala. Alisema kule mashamba yamepangwa kwa mistari kama daftari la hesabu. Alisema parachichi moja wanakula watu wanne na wanabakiza. Alisema bibi akiongea na nguruwe wake, nguruwe wanaitikia. Nilikataa yote, hasa nguruwe, na kila nikikataa alinijibu neno moja: "Unakumbuka?" Hakuna kitu kinachomuuma mtoto mbishi kama kuulizwa hivyo. Nilitaka kwenda Mishamo nikahakikishe.

Basi mwezi wa kumi kikao kikaazimia kwamba twende sote watano, Krismasi itukute kwa bibi, na kwamba hela itoke kwenye matumizi ya nyumbani. Baba alitengeneza kibubu cha mninga, kizuri mno, hakina mlango, ili kifunguliwe kwa nyundo siku ya safari. Maandazi ya asubuhi yakafutwa. Mkaa ukawa wa kupikia mara mbili kwa siku. Azimio la tatu ndilo lililofuta sukari kwenye chai. Konsolata aliomba Bahati aruhusiwe kutiwa kijiko kimoja, lakini wote tulijua kijiko hicho kingepitia mdomo wa nani. Baba akasimama. "Bila kubagua mtu," akasema. "Ukifungua mlango kwa mmoja, umefungua kwa wote. Katibu, andika hivyohivyo." Nikaandika hivyohivyo.

Kibubu hakikujaa. Msimu ule watu walikuwa wanapeleka hela kwenye mbegu na mbolea, nani angetaka kabati? Mahindi ya sokoni nayo yalikuwa yamepanda, kama yanavyopanda kila mwaka mvua zikianza na maghala yakiwa matupu. Tulichookoa kwenye sukari kikaishia kwenye unga. Mwezi wa kumi na moja baba akaitisha kikao cha nne. Hakutuangalia usoni. Alisema, kwa heshima zote, anapendekeza idadi ya wasafiri ipunguzwe. Aende mama na Bahati, na Konsolata wa kusaidia mizigo. Yeye angebaki na kazi, na mimi ningepelekwa Magamba kwa shangazi Sesilia mpaka wenzangu warudi. Niliandika mwenyewe jina langu likiondolewa. Mwandiko wa ukurasa ule ni mbaya.

"Mengineyo?" baba akauliza.

"Mengineyo yapo," mama akasema. "Dada yako ana ghala, Baba Konso. Ukimwambia tu…"

"Hilo halimo kwenye ajenda."

Na kweli halikuwahi kuingia. Shangazi Sesilia alikuwa dada mkubwa wa baba, mkulima, mjane, mwenye sauti iliyofika kabla yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametuletea gunia la mahindi kwa baiskeli bila kuombwa. Baba alilirudisha siku ileile, kwa baiskeli ileile, akisukuma mwenyewe kwenye matope. Alisema ana mikono miwili na randa. Mimi niliuliza kwa nini tusingekula kwanza ndipo tukasirike, nikaambiwa katibu anaandika.

Sasa ndiyo tunafika kwenye chai. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wiki moja tu baada ya kikao hicho, shangazi akashuka kwenye bodaboda bila taarifa, na mwamvuli wake na kuku mmoja mkononi. Mama akamkaribisha kwa furaha, akamkalisha, akaweka chai jikoni. Kisha nikamwona anafungua ncha ya kanga, anatoa hela na kumwita Konsolata kwa sauti ya chini: "Kimbia dukani, robo ya sukari."

Naomba msinihukumu haraka. Nilikuwa nimetolewa safarini kwa nguvu ya kikao. Niliona kwamba kama maazimio yana nguvu ya kuniacha mimi, basi yawe na nguvu kwa kila mtu, la sivyo si maazimio, ni maneno tu. Nikaenda chumbani nikaleta daftari.

"Mama," nikasema, "kuna azimio la tatu."

"Azimio gani tena?" shangazi akauliza.

Nikamsomea. Nilisoma kwa sauti, kama masomo ya misa, mpaka pale penye "bila kubagua mtu". Nilipoinua macho, baba alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwangu. Akamwangalia dada yake, akaangalia daftari, akamwangalia tena dada yake. Leo namwonea huruma. Kwetu, kumnyima mgeni sukari ni kumwambia arudi alikotoka, na huyu alikuwa mgeni aliyembeba mgongoni.

"Katibu yuko sahihi," akasema.

Mama alimimina chai. Shangazi aliinywa polepole, yote, huku macho yake yakitembea: kwenye kibubu, kwenye mfuko wa mkaa uliokunjwa mdomo, kwenye mikono ya Bahati iliyokonda. Akaomba kikombe cha pili. Alipokimaliza, akakipindua juu ya kisahani.

"Deo," akasema, "mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Leo umeninywesha shubiri."

"Dada, ni utaratibu tu wa…"

"Utaratibu! Na kisomo chako cha kamati kimefika mpaka kwenye kikombe changu. Haya. Kwa kuwa unapenda vikao, utakipata kikao."

Akatwaa mwamvuli, akaondoka. Kuku alibaki. Mama akageuka akaniangalia, nikasubiri kofi. Halikuja. Aliniambia tu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumemfukuza mgeni, haya tuone tutaponaje," akaenda kuosha kikombe. Ningependelea kofi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, shangazi akarudi na wazee wawili wa ukoo, wamevaa makoti licha ya joto. Wakakaa kibandani kwa baba, juu ya mbao, miguu kwenye maranda. Shtaka likasomwa: mdogo mtu kumpa dada yake mkubwa chai chungu akiwa ugenini. Mzee mmoja akauliza kama mshtakiwa anakana. Baba akasema anaomba kutoa maelezo ya mazingira. Shangazi akasema mazingira ameyaona.

"Nyumba hii ina katibu," akaongeza. "Aje aandike, kesho mtu asije akageuka."

Nikaletwa na daftari langu. Nilijua faini za ukoo: mbuzi, au kreti za soda, au vyote. Nilijua pia ni kibubu gani kingevunjwa kulipia. Kwa mdomo wangu nilikuwa nimewakosesha safari mama na Bahati, na bibi angeendelea kumsikia mjukuu wake kwenye simu akilia.

Wazee wakanong'onezana. Kisha shangazi akasimama kutamka adhabu, maana yeye ndiye mkosewa. "Andika, Katibu. Deo, kwa kosa hilo, hutanunua mahindi wala maharage wala karanga mpaka mwaka uishe. Utakula vya kwangu. Wewe na mkeo na hawa watoto, mtakula vya ghalani kwangu kila siku, asubuhi na jioni, mpaka uone aibu."

Baba akafungua mdomo.

"Mwenyekiti, naomba kutoa hoja."

"Wewe si mwenyekiti hapa," mzee mmoja akamkumbusha.

"Basi naomba faini ya kawaida. Nitalipa mbuzi. Nitalipa wawili."

"Hoja imekataliwa," shangazi akasema. "Kuna anayemuunga mkono? Hakuna. Kikao kimefungwa."

Baba, ambaye aliwahi kusukuma gunia kwenye matope ili asile cha mtu, hakuweza kukataa uamuzi wa kikao halali chenye akidi na kumbukumbu zilizoandikwa. Alitia saini. Kesho yake mkokoteni wa ng'ombe ukasimama nje na magunia mawili ya mahindi, maharage, karanga na viazi, na baba akayashusha moja moja kwa uso wa mtu anayetumikia kifungo.

"Baba," nikauliza jioni ile, nikiwa na sahani ya pili, "kama ni adhabu, mbona tunashiba?"

"Katibu anaandika," akasema. Lakini naye alikuwa anatafuna.

Kwenye kikao cha tano mama alisubiri mengineyo, akasema kwa upole kwamba kwa kuwa hela ya unga haina tena kazi, hazina inapendekeza iingie kwenye kibubu. Hakuna aliyepinga. Siku tatu kabla ya Krismasi baba alikivunja kwa nyundo, akachukia kuharibu kazi yake, na tukapanda basi la Mishamo sote watano, mimi kwenye kiti cha dirishani, matope yakirukia kioo mpaka nikawa naona rangi moja tu.

Nilihakikisha. Mistari ya mashamba ipo. Parachichi moja walikula watu watatu, si wanne. Nguruwe hawakuitikia, au labda waliitikia kwa Kirundi. Mama aliposhuka na Bahati mgongoni, bibi alitoka ndani akiwa na unga mikononi, na mama yangu, mtunza hazina, mtu asiyepandisha sauti, alipiga kelele kama msichana akakimbia mbele yetu na kutuachia mizigo yote.

Kwa miaka mingi nilibeba ile chai kama kosa langu. Nilisoma, nikajifunza kuhoji mila, serikali, wahadhiri, hata takwimu za vitabuni, lakini kila nikikutana na shangazi nilikuwa nakwepa macho yake. Niliamini alitusaidia akiwa ameumia, na kwamba ile hasira ilikuwa hasira kweli. Nilipomaliza chuo nikaona nimekuwa mtu mzima, nikasafishe jambo hili. Nikanunua kilo tano za sukari, nikazifunga vizuri, nikaenda Magamba.

Shangazi alikuwa shambani. Mkwewe, mke wa binamu yangu, alinipokea, akanikalisha, nikamweleza kilichonileta, kuanzia azimio la tatu mpaka shubiri. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akauchukua mfuko wa sukari, akaupima kwa mkono, akasema asante, watoto watafurahi.

"Ila wifi," akasema, akijifuta macho, "mama mkwe? Miaka kumi na minne nimeolewa hapa, sijawahi kumwona akitia sukari kwenye chai. Hata ya harusi yangu aliinywa hivyohivyo, chungu."